Kupeleka darasa kutazama makumbusho: matayarisho yanaanza kijijini



Katika somo hili tunaongea juu ya safari ya shule. Tunataka kuona namna ya kutayarisha watoto wa darasa moja ili waende kutazama makumbusho ya chuo kikuu au ya kituo cha utafiti, wafike salama, wawe na adabu huko, na warudi wakiwa wangali darasa moja.

Wengine watasema: watu wamekosa turubai na chumvi, nanyi mnatuletea habari ya makumbusho? Swali hilo ni la haki. Lakini fikirini juu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye amekwisha kukimbia mara tatu. Safari zote anazozijua ni za ghafula: usiku, katika mvua, bila kujua wanakokwenda wala siku ya kurudi. Safari yenye saa ya kuondoka na saa ya kurudi, ambayo mama yake ameelezwa mapema, ni jambo ambalo mtoto huyo hajaliona bado. Tena, katika shule zetu nyingi watoto wa wenyeji na watoto wa waliohama wanaketi kwenye benchi moja, lakini saa ya mapumziko kila upande unacheza kwake. Safari ikipangwa vema inawapa kitu cha kusimulia pamoja. Ikipangwa vibaya inaacha uchungu, na uchungu huo utafika hadi kwenye bomba la maji, mahali mama zao wanapokutana kila asubuhi.

Mfano wetu: Lwiro

Makumbusho makubwa ya taifa yalifunguliwa Kinshasa mwezi wa Novemba 2019. Ni jambo la kujivunia, lakini kwa mtoto wa Katana au wa Minova, Kinshasa ni safari ya ndege. Kwa upande wetu wa Kivu ya Kusini tuko na Lwiro, katika teritware ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu, kati ya ziwa na msitu wa Kahuzi. Mwaka wa 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na Lwiro ikawa makao yake makuu. Leo kituo hicho kinaitwa CRSN-Lwiro. Hakiitwi chuo kikuu, lakini wanafunzi wa vyuo vya Bukavu wanakwenda kufanya utafiti huko, na mambo yake ni ya namna ileile ya makumbusho ya chuo: nyoka na samaki ndani ya chupa, wanyama na ndege waliokaushwa, vitu vya mababu, vitabu vya zamani, na kazi ya kupima matetemeko ya ardhi. Karibu na hapo kuna makao ya sokwe yatima, yaliyoanzishwa mwaka wa 2002 na CRSN pamoja na ICCN, kwa ajili ya sokwe walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi haramu.

Tuseme jambo moja wazi. Mwezi wa Februari 2025 Kavumu na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, na familia nyingi zilihama upya. Kwa hiyo somo hili halisemi "nendeni kesho". Linaonyesha namna ya kutayarisha, ili siku njia itakaporuhusu msianze kukimbizana. Wasomaji wetu walio Lubumbashi, au waliokimbilia Kampala ambako Chuo Kikuu cha Makerere kina jumba lake la sanaa, wanaweza kutumia maneno haya kwa mahali palipo karibu nao.

Nani atakwenda, na nani atabaki?

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, hata kabla gari halijawashwa. Mkurugenzi anatangaza: kila mtoto alete faranga kadhaa. Baada ya wiki mbili nusu ya darasa wamelipa. Tazameni orodha. Waliolipa ni watoto wa wachuuzi na wa wenye mashamba. Waliobaki ni watoto wa waliohama, pamoja na watoto wa wenyeji maskini, ambao mara nyingi hakuna anayewahesabu. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini mchango wa safari unaweza kufunga tena mlango uliokuwa umefunguliwa.

Na shirika likija kulipia watoto wa waliohama peke yao, shida ni ileile imegeuzwa tu. Mtoto wa mwenyeji ambaye baba yake alitoa kipande cha shamba ili wageni wapate pa kulala anabaki nyumbani, anatazama wageni wanapanda gari. Baba huyo hatasema neno siku hiyo. Atalisema siku ya kugawa maji au siku ya kuomba shamba la msimu ujao.

Kwa hiyo tunashauri kanuni moja: darasa lote, au hakuna. Gari likiwa dogo, gaweni darasa kwa safari mbili, tarehe zote mbili zitangazwe siku moja, na kura ipigwe mbele ya wazazi, mtoto mwenyewe akivuta kikaratasi. Msichague wenye alama nzuri. Mtoto aliyekosa shule mwaka mzima kwa sababu ya vita hawezi kuwa na alama nzuri, na yeye ndiye anayehitaji zaidi kuona kwamba masomo yana faida.

Mchango usiwe wa kila kichwa. Kamati ya wazazi iketi na kuandika mahitaji: mafuta ya gari, malipo ya kuingia kama yapo, chakula, maji, sabuni. Halafu kila familia iseme inachoweza. Huyu ataleta mihogo, yule maharage, mwingine atatoa siku yake kusindikiza watoto, mwingine ataazima sufuria. Siku ya kazi ihesabiwe kama mchango kamili, na majina yasisomwe kwa mpango wa nani ametoa zaidi. Safari ikiisha, hesabu isomwe mbele ya watu wote hata kama kilichobaki ni sabuni nusu kipande.

Juu ya nguo: si wote wana sare. Mkisema "asiye na sare haendi" mmekwisha kuchagua bila kusema. Mwenye shati jeupe alivae, asiye nalo avae nguo yake safi, na wote wafungiwe mkononi kipande cha kitenge kimoja kilichokatwa. Kitambaa cha kichwani hapana, wala chekundu, wala rangi ya kijeshi, kwa maana vikundi vya silaha vinajifunga vitambaa na mtoto anaweza kudhaniwa vibaya njiani.

Orodha ya watoto iwe na jina, umri, jina la mzazi na namba ya simu. Hakuna sababu ya kuandika kabila, wala kijiji mtoto alikotoka. Karatasi hiyo inaweza kupita mikono mingi kwenye vizuizi. Nakala tatu zinatosha: moja kwa mwalimu, moja kwa mkurugenzi, moja kwa kamati ya wazazi.

Mwalimu atangulie

Mwalimu mmoja na mzazi mmoja waende kwanza bila watoto. Wapeleke barua yenye tarehe, idadi ya watoto, umri wao na somo wanalojifunza. Waombe mwongozaji atakayeongea Kiswahili; katika mahali pengi pa wasomi maelezo yanatolewa kwa Kifaransa, na mtoto wa darasa la nne anabaki kutazama midomo. Waulize vyumba gani viko wazi, kwa maana si kila kitu kinaonyeshwa kila siku, na mkiwaahidi watoto nyoka halafu chumba cha nyoka kimefungwa, adabu yote imekwisha. Waulize choo kiko wapi, hasa kwa wasichana wakubwa. Waulize watoto watajikinga wapi mvua ikinyesha, na nani wa kuitwa mtoto akiugua. Lwiro ina hospitali ya watoto, lakini ni vema kujua mapema mlango wa kuingilia na jina la muuguzi wa zamu.

Wachague vitu vichache. Watoto hawawezi kutazama vitu mia mbili. Vyumba viwili na saa moja na nusu vinatosha. Kinachozidi hapo ni kelele.

Kama mtapewa ruhusa ya kuona sokwe, jueni kwamba mafua na kikohozi cha binadamu vinaweza kuua sokwe. Mtoto anayekohoa hatakwenda upande ule. Asiambiwe hivyo mbele ya wenzake siku yenyewe kama adhabu. Mpango wake uwe tayari: atabaki na mama mmoja sehemu nyingine, apewe kazi ya kuchora, na wenzake watamsimulia.

Adabu yenye sababu

Watoto wetu wamechoka na amri. Wameamriwa na wazazi, na walimu, na wenye bunduki. "Usiguse!" peke yake inadumu mpaka mwalimu ageuze kichwa. Mtoto akijua sababu, anamkataza hata mwenzake. Basi elezeni sababu darasani, wiki moja kabla.

Mikono ina jasho na mafuta. Mkono mmoja hauharibu kitu, lakini tazameni pembe za kitabu cha nyimbo kanisani: zimekuwa nyeusi na zimelika, wala hakuna mtu mmoja anayeweza kusema "ni mimi". Kikapu cha miaka themanini kikishikwa na kila shule kitakwisha namna hiyohiyo.

Sababu ya pili ni afya ya mtoto mwenyewe, na wazazi wengi hawaijui. Zamani, ngozi za wanyama na ndege wa makumbusho zilipakwa dawa yenye arseniki ili wadudu wasizile. Arseniki ni sumu, nayo inakaa miaka mingi. Mtoto anayepapasa manyoya ya chui kisha anakula kitumbua bila kunawa anaweza kujidhuru. Hali kadhalika chupa za nyoka na samaki: ndani mna alkoli au formalini, dawa inayochoma macho na pua. Chupa ikivunjika, chumba chote kinapaswa kutoka nje. Hii ndiyo sababu hakuna kukimbia wala kusukumana. Mkitoka, wote wanawe kwa sabuni kabla ya chakula.

Chakula kinabaki nje. Makombo yanaita siafu, mende na panya, na panya akimaliza makombo anaanza vitabu na ngozi. Mwanga mkali wa picha za simu nao unafifisha rangi za vitu vya zamani, kwa hiyo picha ni kwa ruhusa tu. Na sauti? Chumba cha pili kuna mtu anayesoma au anayepima. Mahali pa utafiti ni mahali pa kazi ya watu. Waelezeni watoto kwamba ni kama kupita karibu na mama anayehesabu pesa za likelemba: ukimpigia kelele, anaanza upya.

Baada ya maelezo, fanyeni zoezi. Pangeni benchi za darasa kama vyumba. Wekeni juu yake chungu, sahani, jembe kuukuu, kibuyu. Watoto wapite wanane wanane, mikono nyuma, wasimame, watazame, wainue mkono kuuliza. Watacheka mara ya kwanza. Waacheni wacheke, ndiyo sababu ya kufanyia zoezi shuleni. Mara ya tatu watakuwa wanasahihishana.

Tena kila mtoto awe na kazi. Mmoja anachora, mmoja anaandika maswali, mmoja anabeba maji, mmoja anatazama saa. Mtoto mtundu kuliko wote mpeni kazi ya kuhesabu wenzake kila mnapotoka chumba kimoja. Katika shule ninazozitembelea nimeona kazi hiyo inatuliza watoto ambao fimbo haikuwaweza.

Kwa sababu hiyo fimbo ibaki shuleni, au afadhali isiwepo hata huko. Mtoto akikosa, atoke na mtu mzima, aketi nje dakika kumi, kisha arudi kwenye kikundi chake. Adhabu nyingine isitajwe hata kwa mzaha: "Tutakuacha hapa hapa!" Mtu mzima anasema hivyo bila kufikiri. Lakini katika darasa kuna mtoto aliyepotezana na mama yake barabarani siku tatu. Huyo hatasikia mzaha. Hatasikia tena kitu chochote siku hiyo.

Vitu vya mababu na majina ya makabila

Sasa tumefika penye uzito. Katika makumbusho mengi yaliyoanzishwa wakati wa ukoloni utakuta kitu kimeandikiwa kabila moja: kikapu cha hawa, ngao ya wale, upinde wa Batwa. Wataalamu wa wakati ule walipenda kupanga watu kama walivyopanga vipepeo. Maisha hayakuwa hivyo. Kikapu kilisukwa na mmoja, kikauzwa sokoni kwa mwingine, kikapelekwa ukweni mlima wa tatu. Bashi, Bahavu, Batembo, Barega na wengine wamekuwa wakinunuliana chumvi, majembe na mbuzi, na kuoana, muda mrefu kabla ya karatasi hizo.

Mtoto anayesoma karatasi hajui hayo. Yeye anaona jina la kabila, anageuka kumtazama mwenzake. Wa kwanza anasema, "Kumbe ninyi mlikuwa mnavaa ngozi!" Wa pili anajibu, na mbele ya ngao na mikuki neno la tatu linakuwa juu ya nani alimshinda nani. Katika dakika mbili mmepoteza kazi ya mwaka mzima.

Fikirini hasa juu ya mtoto wa Batwa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975, na familia za Batwa ziliondolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba nchi yetu ilivunja haki zao. Mtoto huyo akisimama mbele ya upinde kama ule wa babu yake na wenzake wakacheka, kwake hiyo si historia ya kale. Ni sababu ya nyumba yao kuwa pale ilipo leo, pembeni mwa mashamba ya watu wengine.

Tunafanya nini basi? Kwanza, mwalimu anayetangulia asome karatasi hizo zote kabla ya watoto, ajue ni zipi zitaleta maneno. Pili, amwombe mwongozaji aache mizaha ya makabila, hata ile inayochekesha wakubwa. Tatu, watoto wapewe maswali matatu ya kuuliza mbele ya kila kitu: Kimetengenezwa na nini? Kilisaidia kazi gani? Kwetu nyumbani kazi hiyo tunaifanya kwa kitu gani? Swali la tatu ndilo lenye nguvu. Kila mtoto ana jibu, awe ametoka Masisi, Shabunda au Katana, na jibu halimshindanishi na mtu. Mmoja atasema kwao wanasaga kwa jiwe, mwingine kwa kinu, mwingine kwamba tangu wahame wanaomba mashine ya jirani. Hapo mazungumzo yameingia kwenye maisha yao.

Mtoto akiuliza, "Ni cha kabila gani?", msimfiche. Mjibuni kilichoandikwa, halafu ongezeni kwamba aliyeandika hakuuliza kilipita kwa nani kabla na baada. Mtoto akitukana mwenzake, kikundi kisimame. Mwalimu aseme kwa sauti ya kawaida, "Neno hilo limesemwa vibaya. Nani anaweza kuuliza vizuri?" Mambo ya wazazi yaongewe baadaye, kijijini, pamoja na shefu kama inahitajika.

Watoto wakubwa watauliza pia vitu hivi vilifikaje hapa: vilinunuliwa, vilitolewa, au vilichukuliwa? Hilo ni swali zuri, na mwongozaji ajibu kadiri anavyojua. Waambieni kwamba vitu vingi vya Kongo viko Tervuren, Ubelgiji, na kwamba mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu. Alikileta kama mkopo usio na mwisho wa tarehe. Neno "mkopo" litazusha mjadala mzuri darasani, msilipite haraka.

Mimi ningependa ziara ianze upande mwingine kabisa, kama mahali hapo panaruhusu: kwenye kazi ya matetemeko ya ardhi. Hapo hakuna kabila. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na wote walikimbia. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha nyumba Bukavu na ng'ambo ya Rusizi, Rwanda, siku moja. Kila mtoto amesikia habari hizo nyumbani, na watakapofika kwenye ngao na pinde watakuwa wamekwisha kuzoea kuulizana.

Watoto waliopita katika vita

Kuna mambo ambayo kwa mtoto mwingine si kitu, na kwa huyu yanarudisha usiku ule: chumba chenye giza, mlango unaofungwa nyuma yake, mifupa, mnyama mwenye macho ya kioo, mlinzi mwenye sare. Waambieni mapema watakachokiona. "Kutakuwa na fuvu la tembo. Mlinzi wa mlango amevaa nguo za bluu, hana bunduki." Msiseme kitu ambacho mwalimu aliyetangulia hakukiona.

Mtoto yeyote aruhusiwe kutoka bila kutoa sababu. Mama mmoja aketi karibu na mlango kwa kazi hiyo tu, akiwa na maji. Asimwulize mtoto maswali, akae naye. Na tafadhali, mashirika na wageni wasipige picha ya mtoto anayelia, wala wasiandike chini ya picha yoyote "mtoto mkimbizi". Siku hiyo yeye ni mwanafunzi wa darasa la nne.

Siku yenyewe

Jioni ya kuamkia safari, kamati iulize habari za njia. Mama wanaokwenda soko la Kavumu au Katana wanajua kuliko redio. Kama kuna shaka, ahirisheni, waelezeni watoto sababu na mtoe tarehe nyingine. Shefu wa kijiji na wakuu wa shule wawe na barua. Gari la kijeshi la kundi lolote lisipandwe, hata likitolewa bure. Kwenye kizuizi anaongea mwalimu peke yake. Hakuna kutoka barabarani kuingia kichakani, hata kwa haja ndogo, kwa maana vilipuzi vinaweza kuwa vimebaki. Simameni penye nyumba na mwombe choo.

Kila watoto wanane wawe na mtu mzima mmoja, na vikundi vipangwe na mwalimu anayejua nani anamwogopa nani. Wenyeji na waliohama wachanganywe bila kutangaza kwamba wamechanganywa. Chakula kiliwe nje, kutoka sufuria za pamoja. Anayeleta cha kwake akiweke humo. Mwe mmerudi kijijini kabla ya saa tisa alasiri, na watoto wakabidhiwe wazazi jina kwa jina.

Baada ya kurudi

Kesho yake msianze na mtihani. Watoto wachore kitu kimoja walichokipenda na wakiandikie wenyewe karatasi yake: kimetengenezwa na nini, kinafanya kazi gani, nani anaweza kukitumia. Michoro mitatu au minne ipelekwe kituoni pamoja na barua ya shukrani iliyoandikwa na watoto. Shule itakayofuata itapokelewa vizuri zaidi.

Baadaye mnaweza kufanya makumbusho madogo darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walifanya jambo la namna hiyo katika mradi ulioitwa Mémoires de Lubumbashi: walikusanya masimulizi ya wakaaji na vitu vya kawaida vya nyumbani, na vitu hivyo vikaonyeshwa katika makumbusho ya mji, katika jimbo ambalo miaka michache kabla, mwaka wa 1992 na 1993, watu wa Kasai walikuwa wamefukuzwa na majirani zao.

Lakini jihadharini. Mkisema "kila mtoto alete kitu cha zamani kutoka nyumbani", mtoto aliyekimbia na nguo aliyovaa atasimama mikono mitupu. Afadhali mseme: leteni kitu, au mchoro wa kitu, au habari ya kitu kilichobaki. Kuna watoto watakaochora mlango. Kuna watakaochora ng'ombe na kusema jina lake. Wekeni michoro hiyo kwenye benchi moja na vyungu vya wenyeji, na kila kitu kiwe na karatasi yake. Waiteni wazazi Jumamosi waje kutazama, watoto wakiwa waongozaji, na wakubwa nao waweke mikono nyuma.

Maswali ya kuongea katika kikundi

1. Katika shule yetu, safari au sherehe ya mwisho ilibakiza watoto gani nyumbani? Nani alijua, na nani alisema?

2. Tukikosa pesa za gari moja tu, ni familia gani zinaweza kutoa nini badala ya pesa?

3. Ni maneno gani juu ya makabila ambayo watoto wetu wanayasikia kwetu nyumbani na wanaweza kuyasema mbele ya ngao au upinde?

4. Nani kati yetu, mwenyeji mmoja na aliyehama mmoja, wataketi karibu na mlango na watoto watakaotoka?

5. Kabla ya kutaja tarehe kwa watoto, ni nani atakayekwenda kuuliza habari za njia, na ataleta jibu siku gani?